Mwimbaji bora wa kiume wa muziki wetu wa wakati wote ni nani? Mimi nasema Marijani Rajab

Mtoto wa Scania

Wakuu habari za usiku. Nina hoja moja imenikaa tangu wiki iliyopita, tulibishana msibani na shemeji zangu mpaka saa nane usiku na hatukufika popote, nikaona niilete hapa kwenye watu wengi. Tukiachana na wapiga gitaa, tukiachana na bendi, tukiachana na nani kauza sana, nani mwimbaji wa kiume aliyeimba kuliko wote kwenye muziki wetu huu wa Kiswahili? Nasema kuimba. Yani koo.

Mimi mtu wangu ni Marijani Rajab, Jabali la Muziki, na nitaeleza kwanini maana sitaki watu waseme nimemchagua kwa vile ni wa Kariakoo.

Baba yangu alikuwa dereva wa Scania, Dar Tunduma, na likizo za shule alikuwa ananichukua nakaa katikati, yeye kushoto kwangu hapana kulia, utingo upande wa pili. Redio kaseti ya lile gari ilikuwa imefungwa na mpira wa ndani wa baiskeli ili isitikisike. Kanda zilikuwa kama saba hivi lakini ikishafika mzigo mzito mlima Kitonga, gari linapanda gia ya kwanza unaweza ukashuka ukatembea pembeni yake na usiachwe, hapo mzee alikuwa anaweka Marijani tu. Injini inaunguruma vile, dirisha limefunguliwa, na bado nilikuwa nasikia kila neno. Kila neno wakuu. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa najua habari ya Rosa anayeambiwa aende shule, naijua ya Georgina, naijua ya Zuwena, sio kwamba nilifundishwa, ni kwamba yule mtu alikuwa haimezi silabi hata moja. Waimbaji wengi wakiingia kwenye raha wanaanza kula maneno, unabaki na mdundo. Marijani anaimba kama mtu amekaa na wewe kwenye benchi anakusimulia yaliyomkuta, hana haraka, sauti imejaa kifuani lakini haipigi kelele.

Halafu angalieni umri. Kazaliwa 1955. Bendi ya Safari Trippers kaingia 1972, ana miaka kumi na saba, na wakati Georgina inapigwa kila kona ya nchi alikuwa bado kijana mdogo ambaye leo angekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha sita. Kisha anakuja bendi ya Dar International, zinatoka Zuwena, Mwanameka, Masudi, na nyingi katunga yeye mwenyewe. Amefariki Machi 1995, miaka arobaini tu, na miaka ya mwisho alikuwa anauza kanda ili apate riziki, mtu ambaye sauti yake ilikuwa inasikika redioni kila siku ya Mungu. Hilo linaniumaga mpaka leo, lakini sio sababu ya kumpa ubora, ubora anao kwenye koo.

Haya, leteni wa kwenu, lakini leteni na sababu.

---

Moro Mji Kasoro

Mleta mada nakuheshimu ila umeanza safari umepita Mikese, umepita Msamvu, umeenda zako Kitonga, hukusimama Morogoro hata kunywa chai. Huwezi kuzungumza uimbaji wa nchi hii ukaruka Morogoro.

Kabla Marijani hajafikisha hata miaka kumi na moja alikuwepo Salum Abdallah na bendi yake Cuban Marimba. Kazaliwa 1928, kafariki 1965 kwa ajali ya gari, na bado nyimbo zake zipo kwenye maharusi ya wazee mpaka kesho. Huyo ndiye aliyewafundisha watu kwamba unaweza ukachukua mdundo wa Cuba uliokuja kwenye santuri ukauvalisha Kiswahili kikakaa mwilini kama kimeshonwa na fundi. Sauti laini, haina majivuno, unaisikia unadhani anatabasamu.

Na mji huo huo, bendi pinzani, Morogoro Jazz, ndiko katoka Mbaraka Mwinshehe. Hapa ndipo nitasimama. Mbaraka kaenda na Morogoro Jazz mpaka Japani, Osaka, kwenye yale maonyesho ya Expo 70. Kajitoa 1973 kaanzisha Super Volcano. Kafariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko pwani ya Kenya, alikuwa na miaka thelathini na kitu. Nenda Nairobi leo, nenda Kisumu, nenda Mombasa, mtaje Marijani utapata wanaomjua, lakini mtaje Mbaraka uone watu wanavyosimama. Wimbo wa Shida mpaka leo ukipigwa kwenye matatu watu wazima wanaacha kuongea na simu.

Na mimi siachi gitaa nje kama unavyotaka. Kwa Mbaraka gitaa na koo ni kitu kimoja, anaimba mstari, gitaa linamjibu, anaimba tena, linamkatalia. Ukimtenganisha unakuwa umemuua mara ya pili.

---

Mtoto wa Scania

Mkuu Moro nimekusoma na Salum Abdallah nakiri nilimpita, hilo kosa langu. Ila kwa Mbaraka umenisaidia mwenyewe. Umesema ukimtenganisha na gitaa unamuua, basi mimi naongelea mtu ambaye ukiyazima magitaa yote, ukazima ngoma, ukazima na tarumbeta, ukamuacha peke yake chini ya mwembe, bado hutaondoka. Mbaraka nampa taji la mwanamuziki. Taji la mwimbaji nalishika kwanza.

---

Moro Mji Kasoro

Nani kakwambia Mbaraka chini ya mwembe bila gitaa watu wataondoka? Wewe umekaa kwenye Scania na kanda saba, moja kati ya hizo saba ilikuwa ya Mbaraka? Sema ukweli.

---

Mtoto wa Scania

Ilikuwepo moja. Imekwisha upande mmoja, inavuta sauti. Lakini sio kesi hiyo.

---

Sauti ya Pili

Jamani naomba niingie, mimi ni mwanamke na naimba kwaya kanisani mwaka wa kumi na nane huu, na swali lenu lina kitu hakijakaa sawa, nikieleza msinikasirikie.

Nyie mnatafuta koo moja. Muziki wa dansi haukujengwa na koo moja. Chukueni wimbo wowote wa Mlimani Park wa miaka ile ya mwanzo, bendi imeanzishwa 1978, wenyewe tunaiita Sikinde ngoma ya ukae, uweke kwenye spika za masikioni, halafu toa spika moja ubaki na sikio moja. Msikilize Hassan Rehani Bitchuka anavyopanda. Sauti nyembamba, ya juu, safi kama maji ya mtungi, ndio maana wakamwita Stereo. Watu wote wanamsikia huyo. Sasa rudia wimbo huo huo mara ya pili ila safari hii kataa kumsikiliza yeye, msikilize aliye chini yake. Huyo ni Muhidin Gurumo. Hapandi popote. Yupo palepale chini, sauti yake ina mkwaruzo kidogo kama mtu aliyeamka sasa hivi, na ndiye anayembeba mwenzake. Bitchuka akipanda akiwa peke yake utasikia uzuri tu, lakini akipanda Gurumo akiwa chini unasikia nywele zinasimama, na hujui kwanini, maana yule anayezisimamisha wala hukuwa unamsikiliza.

Mwalimu wetu wa kwaya alinitoa sauti ya kwanza nikiwa na miaka ishirini akanipeleka ya pili, nililia kabisa, nikadhani amenishusha. Akaniambia kaa hapa, ukiimba vizuri hakuna atakayejua upo, ukikosea wote watajua. Mwaka mzima ndio nikaelewa. Nikarudi kwenye kanda za babu nikaanza kumsikia Gurumo kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimezisikia hizo nyimbo tangu nipo mgongoni.

Na msisahau walivyokuwa wanarekodi. Studio ni ile ya Radio Tanzania, bendi nzima inaingia, ngoma, magitaa, vyombo vya kupuliza na waimbaji, wanapiga wote kwa pamoja mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kurekodi mstari mmoja leo na mwingine kesho halafu fundi akaunga. Kwa hiyo mle ndani mkisikia sauti tatu zimekaa pamoja dakika saba bila kuachana pumzi, mjue ndivyo zilivyokaa siku hiyo, watu wamesimama bega kwa bega. Sasa hivi mtu anajiitikia mwenyewe mara nne kwa kompyuta. Sisemi ni kubaya, ila ni kazi nyingine.

Kwa hiyo mimi mkinilazimisha jina moja nawapa la Gurumo. Kazaliwa 1940 Kisarawe, kaingia NUTA Jazz 1964 bendi ilipoanzishwa, ikawa JUWATA, yeye kaenda kuianzisha Mlimani Park, kaenda Orchestra Safari Sound, OSS Ndekule, 1985, karudi kwenye ile ile JUWATA ambayo ndiyo Msondo, kastaafu 2013, kafariki Aprili 2014. Nusu karne anaimba. Angalieni bendi zote alizopita, kila anapoingia waitikiaji wanakuwa bora. Hiyo sio bahati.

Na mleta mada, hata huyo Marijani wako hakuwa peke yake. Kasikilize waitikiaji wa Dar International. Baadhi ya watu wa bendi ile ndio waliokwenda kuanzisha Mlimani Park.

---

Moro Mji Kasoro

Dada umenifungua. Nimesikiliza kwa sikio moja kama ulivyosema, nimerudia mara tatu. Bado mtu wangu Mbaraka ila hiyo ya Gurumo sikuwahi kuijua na nina miaka hamsini na mbili.

---

Kibokoni Boy

Salaam kwenu nyote kutoka Mombasa. Nyinyi wenzetu wa bara mwaniajabisha, mleta mada kauliza muziki wa Kiswahili, alafu mwazunguka Morogoro na Dar, Morogoro na Dar, hamjafika baharini! Kiswahili chenyewe kwao wapi?

Mimi namtaja Mohamed Khamis Juma Bhalo na simtaji mwengine. Nyinyi mwasema koo, basi hilo ndilo koo. Watu walikuwa wasema ati aiga nyimbo za sinema za Kihindi, ni kweli mahadhi aliyachukua huko, halikatazwi, lakini hebu jaribu wewe uchukue mahadhi ya Kihindi yenye vile vipando na vishuko, uyatilie shairi la Kiswahili lenye vina na mizani kamili, na kisiende pembeni hata kina kimoja. Mashairi mengi akitungiwa na jamaa yake Ahmad Nassir, Ustadh Bhalo, yule malenga. Hapo ndipo yeye alipokuwa na kazi, maana shairi lile si maneno ya kurushwa tu, lina fumbo ndani, ukikaza mahali sipo maana yageuka. Yeye alijua neno lipi alivute na lipi aliwache lipite.

Nikiwa mdogo harusi ya mamangu mdogo, uwanja umewekwa turubali, sisi watoto tumelala juu ya mikeka nyuma ya wapigaji, kinanda na tabla. Nakumbuka ubeti mmoja ukiimbwa, kina mama upande wa pili wakanyamaza kabisa, alafu mmoja akainuka na buibui lake akaondoka zake na hakurudi. Siku ya pili mtaa mzima wajadili ubeti ule ulikuwa wamlenga nani. Wiki nzima! Wimbo ni mmoja, kila nyumba yaufasiri yake. Niambieni ni mwimbaji gani wa dansi aliyemfanya mtu ainuke harusini kwa neno moja.

Na kanda zake, ukienda pale dukani Mbwana Radio ulikuwa wazipata, watu wa Oman na Dubai wakija likizo warudi nazo kwenye sanduku pamoja na achari.

Naye kafariki Aprili 2014, mwezi mmoja na huyo Gurumo wenu. Nilikuwa sijui hilo mpaka leo niliposoma hapo juu.

---

Sauti ya Pili

Kibokoni umenipiga na hiyo ya Aprili, sikuwahi kuviweka pamoja. Mungu awarehemu wote wawili.

Swali moja, Bhalo alikuwa na waitikiaji au anaimba mwenyewe shairi lote?

---

Kibokoni Boy

Sana sana ni yeye na shairi lake dada, ndiyo maana nasema ni koo. Mwembe wa mleta mada, akae chini yake Bhalo.

---

Kwa Remmy Mwisho wa Lami

Naona mmesahau mtu ambaye mpaka kituo cha daladala kimeitwa kwa jina lake. Sinza kwa Remmy. Remmy Ongala, Doctor, kazaliwa Kindu, Kongo, kaja huku 1978 kupiga na bendi ya Orchestra Makassy halafu akawa na Super Matimila, na kafia hapa kwetu Desemba 2010. Kaimba jukwaa moja na wakubwa wa dunia kwenye matamasha ya WOMAD huko Ulaya, nyimbo zake zikatolewa Uingereza, na akirudi anaishi na sisi Sinza.

Sauti yake sio nzuri. Nasema wazi, ukimweka kwenye kipimo cha dada wa kwaya hatoboi, koo lina mchanga. Ila nataka niwaambie kitu. Mwaka 2009 tulimzika mdogo wangu, pikipiki, miaka ishirini na mbili. Siku ya tatu baada ya matanga nimekaa nje na jirani akafungulia redio, ikapigwa ile ya Remmy ya Kifo, anavyokiuliza kifo maswali kama anauliza mtu aliyesimama mbele yake. Nilikuwa sijalia tangu siku ya kwanza, wala mama hakuwa ameniona nikilia. Nililia pale kwenye kigoda mpaka jirani akataka kuzima, nikamwambia aache.

Sauti nzuri isingeweza kufanya vile. Ile ingekuwa inanibembeleza, na mimi sikutaka kubembelezwa, nilitaka mtu mwenye hasira kama zangu.

Na ndiye huyo huyo aliyeimba Mambo kwa Soksi kuhusu kondomu wakati watu wanakufa na hakuna anayetaka kutaja, redio ya taifa ikaukataa, lakini kila mtu mtaani aliujua. Ubora wa mwimbaji mimi naupima hapo.

---

Mtoto wa Scania

Pole sana mkuu. Nimesoma mara mbili. Sina la kubisha hapo.

---

Dogo wa Tandale

Wakubwa shikamooni. Mimi nina ishirini na nne, nimesoma uzi wote na nimejifunza, ila mbona hamna hata mmoja aliyemtaja mtu aliye hai anayeimba leo? Ali Kiba je? Ule wimbo wa Cinderella alikuwa bado mdogo vilevile kama Marijani, na sauti ile hamna aliyemfundisha. Na Christian Bella akishika maiki laivu mnajua wenyewe. Isije ikawa mnapenda za zamani kwa sababu mlikuwa watoto.

Kingine, msidhani sisi hatuwajui hao wazee. Gurumo alipostaafu 2013 Diamond alimpa gari, nilikuwa primari bado nakumbuka ndio siku ya kwanza kumuuliza bibi huyu babu ni nani, na bibi akaimba palepale anafua.

---

Moro Mji Kasoro

Marahaba dogo. Hoja yako ina uzito, Kiba kwenye koo hana mpinzani kwa rika lake. Ila tuongee tena akifikisha miaka hamsini ya kuimba.

---

Sauti ya Pili

Dogo mimi nakuunga mkono kwa Bella, yule anaimba na bendi nyuma yake na bado unamsikia anavyovuta pumzi. Bibi alikuwa anaimba sehemu gani, ya juu au ya chini?

---

Dogo wa Tandale

Hata sijui kama kuna juu na chini aunty, ndio nasikia leo. Ntamwambia aimbe tena.

---

Mtoto wa Scania

Wakuu narudi na mrejesho, samahani kwa kuchelewa, jana umeme ulikata.

Nilimpigia mzee simu. Ana miaka sabini na sita sasa, yuko Mbagala, gari aliacha zamani kwa ajili ya mgongo. Nikamsomea baadhi ya koment zenu, ya Morogoro akacheka, ya Mombasa akasema huyo kijana anajua anachosema, ya msiba hakusema kitu, alinyamaza tu. Nikamuuliza baba, wewe uliyekuwa unaweka Marijani Kitonga kila safari, sema, ni yeye au sio yeye?

Hakunijibu. Akaanza kuimba Zuwena kwenye simu. Na mimi nikawa nangoja aingie ile sehemu ninayoijua, ile ya Marijani, hakuingia. Anaimba ya chini. Anaacha nafasi, anakaa kimya, anaingia kwenye kuitikia, ananyamaza tena. Nikashtuka. Nikamuuliza mbona huimbi yenyewe, akasema yenyewe si ilikuwa inaimbwa na redio? Mimi na Hamadi tulikuwa tunaitikia. Hamadi ndio alikuwa utingo wake.

Miaka yote ile nimekaa katikati yao wawili nasikia kila neno la Marijani, nasikia injini, na hao wawili sikuwasikia hata siku moja.

Kura yangu siibadilishi, ni Marijani. Ila dada Sauti ya Pili naomba uniorodheshee nyimbo tano za Mlimani Park za kuanzia na hilo sikio moja, maana Jumamosi naenda Mbagala, mzee anasema ana kanda tatu zimebaki kwenye kopo la maziwa ya unga na moja haina lebo hajui ni ya nani. Nimeshaazima deki.

---

Sauti ya Pili

Anza na Neema, pale kwenye kuongoza ni Cosmas Chidumule, ambaye baadaye alihamia kwenye injili na sisi wa kwaya tunamjua zaidi huko. Nyingine nne nakuandikia usiku nikitoka mazoezi. Hiyo isiyo na lebo usiicheze kabla hujaisafisha, kanda ikikaa kwenye kopo inashika unga, zungusha kwanza kwa peni taratibu mpaka mwisho halafu urudishe.